Aliyejingoja Mwenyewe

Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, huchonga funguo mchana na kupiga gitaa la besi mwishoni mwa wiki. Kati ya kazi hizo mbili, ile ya funguo ndiyo inayomlisha, na ile ya besi ndiyo inayomfanya ajione mtu. Ukitaka kumtania, mtanie kuhusu kipara chake, kuhusu suruali zake zinazoburuza chini, hata kuhusu mkewe akiwa hayupo. Besi usiiguse.

Watu wengi hawajui besi ni nini. Kwenye sherehe wanaona mtu mrefu amesimama nyuma karibu na ngoma, uso umetulia kama anasubiri kuitwa na daktari, vidole vinatambaa kwenye nyuzi nne nene. Wanamtunza mwimbaji, wanampigia makofi mpiga solo, na mwisho wa shughuli wanakuja kumuuliza Baba Mdogo kama yeye ndiye dereva wa vyombo. Hakasiriki. Huwaambia kwamba besi ni msingi wa nyumba, hakuna mgeni anayeusifu, na wengine huitikia kwa heshima kisha wanauliza tena gari limeegeshwa wapi.

Bendi yao ni ya zamani na ina adabu yake. Adabu kubwa kuliko zote ni kwamba mwenzako haachwi. Mwenzako akichelewa kuingia, unamngoja kwa ujanja, unauvuta mlio kidogo tu mpaka afike, na wachezaji wasijue kilichotokea. Aibu ya mmoja ni aibu ya bendi. Kwa kungoja, Baba Mdogo hana mpinzani. Amewangoja wapiga ngoma walevi, amemngoja mpiga tarumbeta aliyekuwa anaumwa jino, na Mama Mdogo, mkewe, anasema mume wake akitembea na mtu mfupi hupunguza hatua bila kuombwa.

Sasa, bendi ina mwimbaji ambaye ndiye aliyeianzisha, na wote wanamwita Kiongozi. Kiongozi alikuwa amenunua kinanda kipya, kile cha umeme ambacho ukikibonyeza upande wa kushoto kinapiga besi chenyewe. Tangu kinanda kiingie, Kiongozi akaanza kulalamika kwamba nyimbo zinaburuta. Kuna mtu anatuvuta nyuma, alikuwa akisema mazoezini, na macho yake yakitembea kwa kila mtu hutua kwa Baba Mdogo. Kisha ikaja habari ya kurekodi. Kiongozi aliimba wimbo mmoja wa harusi juu ya ngoma za mashine, akawatumia wenzake kwenye simu, kila mmoja atafute pa kurekodia chombo chake. Na mbele ya bendi nzima akamwambia Baba Mdogo kwamba besi ikichelewa kwenye rekodi, kinanda kitashika nafasi yake, yeye apumzike. Neno kupumzika lilimchoma Baba Mdogo kuliko tusi.

Ndiyo akaja kwangu. Mimi nina kompyuta, na kazi yangu ni matangazo: maduka yanayofunguliwa, sabuni zilizoshushwa bei, mikutano ya wazazi. Chumba changu kiko nyuma ya saluni, kuta nimezibandika magodoro ili kelele za saluni zisiingie, na feni lazima izimwe wakati wa kurekodi. Kwa hiyo kila sauti nzuri inayotoka kwangu imetoka kwa mtu anayechuruzika jasho. Chombo cha muziki nilikuwa sijawahi kurekodi hata kimoja, ila sikumwambia. Mtu akija kwako na imani, unaanzaje kumvunja moyo?

Alifika amepiga pasi shati na kung'arisha viatu, utadhani rekodi itamwonyesha miguu. Mama Mdogo alikuja naye, akakaa kwenye stuli pembeni na mfuko wake wa kushonea, kwa ajili ya ulinzi. Nikachomeka waya wa besi kwenye kile kisanduku kidogo cha kuingizia sauti, nacho kimeungwa na kompyuta. Nikamvisha hedifoni, nikauwasha wimbo wa Kiongozi, nikazima feni. Akaanza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha nikaona uso wake unabadilika, utulivu unaondoka, huruma inaingia. Vidole vikaanza kupunguza mwendo. Akasimama, akalisogeza sikio moja la hedifoni.

"Mwanangu, huyu mwingine ni nani?"

Nikamuuliza mwingine yupi. Akaniambia ni huyo anayepiga besi nyuma yake, si mbaya, mkono anao, ila anachelewa. Nikadhani Kiongozi amesahau besi ya mtu ndani ya wimbo ule. Nikausikiliza wote: ngoma na sauti ya Kiongozi, basi. Nikamhakikishia hakuna mtu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo asilitangaze, akatikisa kichwa, akaanza upya, na safari hii akaamua kumsaidia mwenzake. Akamngoja. Na yule mwenzake, kila akingojwa, naye akazidi kuchelewa. Wimbo wa harusi ukaenda taratibu, ukaenda taratibu zaidi, hadi Mama Mdogo akainua macho kutoka kwenye ushonaji wake akauliza kafa nani. Ngoma za mashine zilikuwa zimeshamaliza ubeti mzima na Baba Mdogo bado yuko katikati, amekunja paji la uso, anamvuta mgonjwa wake. Mwisho akaacha. Akasema amengoja watu wa kila aina maishani, lakini huyu jamaa hangojeki.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikamwambia hakuna jamaa. "Ni wewe, Baba Mdogo. Unajisikia wewe mwenyewe."

Akavua hedifoni akazitundika polepole kwenye stendi ya maiki. Mnielewe: mtu huyu alikuwa hajawahi kujisikia. Jukwaani sauti ya besi huishia sakafuni na kwenye matumbo ya watu, mpigaji mwenyewe huipata kwa nyayo tu. Leo, uzeeni, ndiyo mara ya kwanza amewekewa besi yake masikioni, na masikio yakamwambia anachelewa.

"Basi Kiongozi ana haki," alisema. "Nimekuwa mzigo, nami sijui."

Akaifunga besi kwenye mfuko wake, akaniachia pale kwenye kona. Alisema nisiiuze, ila yeye asiione kwa sasa. Mama Mdogo alikusanya nyuzi zake bila kunitazama, na hiyo kwa Mama Mdogo ni hukumu.

Siku zilizofuata habari zake zilinifikia kupitia mkewe, nazo zingekuwa za kuchekesha kama zisingekuwa zetu. Mtu akishaamini anachelewa katika jambo moja, ataamini anachelewa katika yote. Baba Mdogo alianza kutembea haraka hadi suruali zake zikamtega akaanguka mbele ya kibanda chake. Alianza kuitikia salamu kabla hajasalimiwa. Mteja akileta ufunguo wa kuchongwa, anaanza kuchonga kabla ya kuuliza ni ngapi. Mjane mmoja anayeishi peke yake aliondoka na funguo za kutosha jengo zima. Mezani alinyanyua kijiko kabla chakula hakijapakuliwa, akakaa nacho hewani. Na usiku wa deni haukawii kucha: alishamwambia mkewe kwamba Jumamosi, mazoezini, atamtangazia Kiongozi kwamba kinanda kishike nafasi. Hatangoja kufukuzwa.

Mimi nilikuwa na hasira, na sikujua ni kwa nani.

Katikati ya wiki akaja Godoro. Godoro ni muuza magodoro, na jina amelipata kwa halali. Hizo kuta zangu zimetoka kwake. Matangazo yake huyasoma mwenyewe kwa sababu anaamini hakuna mwingine anayeweza, na kwa kweli hakuna. Mdomo wa Godoro hauna breki. Anaweza kutaja vipimo vyote, rangi zote na matawi yake yote ya mjini bila kuvuta pumzi, na ukimkatiza anaanza tena kutoka mwanzo. Siku hiyo aliziona hedifoni zinaning'inia pale kwenye stendi ya maiki tangu siku ya Baba Mdogo, na mitambo yote niliiacha vilevile. Wasomaji wangu huwa siwavishi hedifoni, wanasoma na kuondoka. Ila Godoro alisema redioni huvaa, na yeye ana ubaya gani. Akazivaa. Nikampa ishara.

"Magodoro, magodoro..." alianza, kisha akafika kama kwenye tope. "Ma... godo... ro... ya..." Ulimi ukawa mzito, maneno yanavutika, kila neno linalisubiri la nyuma yake. Akanyamaza. Akajishika shavu.

"Dada, niangalie vizuri. Mdomo umepinda?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajiegemeza kwenye bidhaa zake ukutani. Mtu anayejulikana soko zima kwa kasi anaongea kama amekunywa pipa, na yeye anatafuta kioo aone kama amepooza! Kisha nikamkumbuka Baba Mdogo.

Nikazichukua hedifoni, nikazivaa, nikaisogelea maiki nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nilijikwaa kwenye tatu. Mimi ambaye mdomo ndio unaonilisha! Sauti yangu ilikuwa inanirudia masikioni nimeshaipita, kama kuna mtu nyuma yangu ananiiga. Nikapiga kofi. Kwa macho niliona viganja vimekutana, na mlio ukaja baadaye, kidogo tu, lakini baadaye.

Kumbe. Sauti ikiingia kwenye kisanduku haiendi moja kwa moja masikioni. Inapelekwa kwanza kwenye kompyuta, nayo kompyuta haipokei tone kwa tone, inajaza kikombe kwanza ndipo inakimimina, na inapokurudishia sauti, kidole chako kilishaondoka kwenye uzi. Ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Kwa anayesikiliza muziki si kitu. Kwa mpigaji anayejisikia yeye mwenyewe ni mtu wa pili chumbani, na kwa mpigaji aliyefundishwa kungoja wenzake ni balaa: alikuwa anajingoja mwenyewe, na kadiri alivyojingoja ndivyo alivyojichelewesha. Nilimweleza Godoro haya yote kwa furaha kubwa. Yeye alitaka kujua tu kama aende hospitali au asiende.

Nikakigeuza kile kisanduku. Miaka yote nimekitazama mgongo wake wenye nyaya. Usoni kilikuwa na kidude cha kuzungusha ambacho sijawahi kukigusa, upande mmoja kimechorwa waya unaoingia, upande mwingine kompyuta. Nikakizungusha kuelekea kwenye waya. Nikasema neno, nikajisikia palepale, mbichi, kabla kompyuta haijatia mkono wake. Ila yule mchelewaji bado alikuwepo nyuma, sasa tuko wawili. Nikazima kwenye kompyuta kitufe cha kurudisha sauti ya maiki, kurekodi kukaendelea kama kawaida, na yule wa pili akatoweka. Nikabaki peke yangu. Godoro akavaa tena, maneno yakamtoka kama mvua, akamshukuru Mungu, na kwa furaha akaongeza kwenye tangazo mto wa bure kwa kila godoro, jambo alilokuja kulijutia.

Nilikimbia hadi kibandani kwa Baba Mdogo. Aliniitikia shikamoo kabla sijaitoa. Nikamweleza kikombe, kisanduku, kidude, kila kitu. Akanisikiliza huku anapiga tupa ufunguo.

"Mwanangu," akasema, "usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Unanipenda, najua. Lakini mashine haina sababu ya kunisingizia."

Nikamwambia mashine haina sababu ila ina tabia. Hakusikia. Nilimleta Godoro akatoa ushahidi kwa mdomo wake wote, na hapo Baba Mdogo akayumba kidogo, kwa kuwa Godoro hana sababu yoyote ya kumpenda; walishagombania kivuli cha kibanda. Lakini akasema ana wateja. Hapo Mama Mdogo, aliyekuwa ameleta chai, akaiweka chini. Akamtoa mumewe nje kwa mkono, akashusha mlango, akabana kufuli, ufunguo akausweka kifuani. Wapita njia walisimama kumtazama mchonga funguo aliyefungiwa nje ya kibanda chake. Akakosa pa kwenda, akaja.

Chumbani nilimfanya apige makofi kwanza kwa njia ya zamani, kisha kwa njia mpya. Alirudia, akarudia tena. Akageuka akamtazama mkewe, akaenda mwenyewe kwenye kona kuichukua besi.

Akapiga. Niseme nini? Mimi ni mtu wa sabuni na mikutano ya wazazi, muziki siujui. Lakini nilimwona anatulia, uso ukarudi ule wa kungoja daktari, na besi ikaingia chini ya ngoma zile za mashine mpaka zikasikika kama zinapigwa na mtu mwenye damu. Hakukosea. Hakuchelewa hata mara moja. Nilitokwa na machozi nikasingizia jasho, feni ilikuwa imezimwa.

Alipomaliza akaniomba nimsikilizishe tena sauti ya Kiongozi na ngoma tu, bila besi. Alisikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatabasamu tabasamu la ajabu. Nikasikiliza na mimi, na safari hii hata mimi nilisikia. Kila mwanzo wa ubeti, Kiongozi anachelewa. Ngoma zinafika mlangoni, yeye bado anatafuta pumzi. Anaingia nyuma, na kutoka hapo anaburuta mpaka mwisho. Miaka yote besi imekuwa ikirudi nyuma kumchukua, na bendi nzima inaifuata besi, ndiyo maana yeye mwenyewe hajawahi kugundua. Mama Mdogo alisema nyani haoni kundule, akakata uzi kwa meno.

Tulituma rekodi mchana ule ule. Jibu la Kiongozi lilikuja kwa sauti, tukalifungulia spika wote watatu tusikie. Alisema besi sasa inakimbia. Inamwacha. Mtu mzima anakimbilia wapi? Kama hawezi kutulia, basi, kinanda kipo. Ampe rekodi nyingine kabla ya Jumamosi.

Mama Mdogo alinyoosha mkono apewe simu. Mimi nilikuwa nimeshawaka zaidi yake. Nikamwonyesha Baba Mdogo kwenye kioo cha kompyuta: hii hapa ngoma, hii hapa besi yako, zimepangana kama meno, na hii hapa sauti yake imebaki nyuma kila mahali. Nikamwambia nitaipiga picha nimtumie, aone kwa macho yake nani anayemvuta nani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono uliokuwa kwenye kipanya, akautoa.

"Kifua chake si kile cha zamani," akasema. "Pumzi inamwia ngumu. Ukimwonyesha hii, kesho haimbi tena."

"Mbona yeye hakuogopa kukuonyesha wewe?" nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Na wiki hii nimejua inavyouma. Washa."

Nilibisha. Nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii baba yake mdogo, kwamba huo ni woga na wala si adabu, na kwamba akifanya hivyo yule mtu atakwenda kaburini akijiona yuko sahihi. Akasema huenda. Akavaa hedifoni, akakagua mwenyewe kidude kimeelekea kwenye waya, akasubiri. Mama Mdogo ndiye aliyeinuka kuzima feni.

Akapiga tena wimbo ule ule. Mwanzo wa kila ubeti niliviona vidole vyake vinakawia juu ya uzi, vimeshafika, vinajua pa kutua, vinangoja tu. Na Kiongozi alipopata pumzi, besi ikatua chini ya mguu wake kana kwamba walipanga. Hakuna mtu duniani ambaye angesema mtu huyo alichelewa. Wimbo ukawa mzuri. Nakubali kwa shingo upande: ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza.

Tulituma. Kiongozi alijibu upesi, sauti imejaa baraka. "Hapo sasa umewahi. Umeona? Mazoezi hayamwangushi mtu. Jumamosi nikukute, kinanda kitabaki kuwa kinanda." Baba Mdogo akamjibu, "Nashukuru, Kiongozi," akazima simu. Aliifunga besi kwenye mfuko wake, akaivaa mgongoni, akafika mlangoni na mkewe mbele yake. Hapo akarudi hatua chache, akainama karibu na sikio langu ili Mama Mdogo asisikie, akaniomba ile ya kwanza, ile iliyokimbia, nisiifute. Nimwekee kwenye simu yake. Atakuwa anaisikiliza kibandani, akiwa peke yake.